Siri ya Namba 625: Dawa na Mlinzi Wake

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ukiingia katika duka lolote la dawa hapa mjini Machakos, iwe karibu na stendi ya matatu au karibu na hospitali, hutakosa kuona kwenye rafu kijisanduku kilichoandikwa namba 625. Je, umewahi kujiuliza namba hiyo ni ya nini? Niliwauliza wenzangu darasani. Mmoja alisema ni bei. Mwingine alisema ni namba ya kiwanda. La hasha! Hiyo 625 ni jumla, hesabu ya darasa la pili tu: 500 kujumlisha 125.

Miligramu 500 ni za dawa yenyewe, yaani amoksisilini, ambayo ni ndugu wa penisilini. Zile miligramu 125 zilizobaki ni za kitu kiitwacho asidi ya klavulaniki. Na hapa ndipo maajabu yanapoanza, kwani asidi hii ikiwa peke yake ni dhaifu sana, haiwezi kukuponya ugonjwa wowote. Sasa kwa nini mtu mwenye akili timamu achukue kitu kisichoponya, akitie ndani ya tembe pamoja na dawa, kisha akiuze? Jibu la swali hili ndilo somo langu la mwaka huu katika jarida letu la Chama cha Kiswahili. Nakuomba utulie tuli kama maji ya mtungini, unifuate hatua kwa hatua.

FUNDI NA UKUTA

Sote tulisoma katika Kidato cha Kwanza kwamba kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ndani ya kiumbe. Tulifundishwa pia mfano wa kufuli na ufunguo: kila kimeng'enya kina kishimo chake, na ni kitu chenye umbo linalofaa tu kinachoweza kuingia humo. Mfano huo uweke mfukoni, tutauhitaji.

Bakteria ni kiumbe wa seli moja, lakini usimdharau kwa udogo wake. Ana nyumba. Nje ya utando wa seli yake kuna ukuta imara uliojengwa kwa minyororo mirefu ya sukari. Minyororo hiyo hufungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino, mithili ya nondo zinavyofungwa kwa waya kabla ya saruji kumwagwa. Anayefunga ni kimeng'enya. Mimi nitamwita fundi.

Bakteria anauhitaji ukuta huu kwa sababu ya osmosisi. Ndani yake mna chumvi na sukari nyingi, kwa hiyo maji huvutwa kuingia. Ukuta ukiwa mzima, seli hukaza tu. Ukuta ukiwa na matundu, seli hufura, hufura, kisha pu! Hupasuka.

Penisilini humwendea huyo fundi. Katikati ya molekuli yake mna pete ndogo ya pembe nne, kaboni tatu na nitrojeni moja, iitwayo pete ya beta-laktamu. Kaboni hupenda kukaa kwa nyuzi 109 au zaidi, lakini katika pete hii imekunjwa hadi karibu nyuzi 90. Fikiria upinde wa babu zetu Wakamba uliovutwa hadi mwisho: unangoja kuachiliwa tu. Tena molekuli hii inafanana na ncha ya kile kipande ambacho fundi huzoea kukishika. Basi fundi, bila kujua, huishika penisilini akidhani ni kifaa cha ujenzi. Pete inafyatuka, inafunguka, na kunata mkononi mwake pale kwenye asidi amino iitwayo serini. Mkono umekwama. Kazi imesimama. Ukuta unabaki na matundu.

Na kwa kuwa seli za binadamu hazina ukuta wa namna hii, hatuna fundi wa kunaswa. Ndiyo maana dawa hii humwangamiza bakteria na kumwacha mgonjwa, isipokuwa kwa wale ambao miili yao haipatani nayo. Hao wanapaswa kumwambia daktari mapema, kwani dawa ya 625 nayo ni ya ukoo wa penisilini.

MKASI

Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Howard Florey na Ernst Chain, pamoja na wenzao wa Oxford, wakaifanya kuwa dawa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba adui wa dawa hii alijulikana kabla dawa yenyewe haijaanza kazi. Mnamo Desemba 1940, Edward Abraham na Chain walichapisha habari kwamba wamepata ndani ya bakteria kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Mgonjwa wa kwanza wa Oxford kutibiwa kwa penisilini, askari polisi mmoja, alidungwa Februari 1941. Kumbe ngao ilitangulia mshale!

Kimeng'enya hicho kinaitwa beta-laktamasi. Mimi nitakiita mkasi, kwa maana kazi yake ni kukata ile pete ya pembe nne. Pete ikishakatwa, upinde umelegea. Dawa inabaki molekuli bure, hata ukimeza mkebe mzima.

Hebu sasa tumtazame mkasi huyu kwa makini, maana hapa ndipo penye ufunguo wa somo zima. Aina nyingi za mkasi huu ni jamaa za yule fundi. Wanasayansi wanasema zilitokana na mafundi wa kale. Mkasi nao una kishimo. Nao una serini. Nao huishika penisilini kwa serini hiyo, na pete hufunguka vilevile. Kufikia hapo fundi na mkasi ni kama pacha. Tofauti yao ni moja tu: maji. Mkasi umeiweka molekuli moja ya maji mahali panapofaa kabisa, na maji hayo huichomoa ile dawa iliyonata. Mkono unakuwa huru, unashika nyingine. Fundi hana maji hayo, ndiyo maana akishika anakwama. Mkasi mmoja wa aina iitwayo TEM-1 unaweza kukata takriban molekuli 1,000 za penisilini kwa sekunde moja! Konda wa matatu hawezi kukata tiketi kwa kasi hiyo, hata iwe ni Ijumaa jioni.

Fauka ya hayo, bakteria huzaana kama mchezo. Akipata chakula na joto la kutosha, aina nyingine hugawanyika kila baada ya dakika 20. Bakteria mmoja akianza saa mbili asubuhi, kufikia saa kumi jioni tunapotoka shuleni amegawanyika mara 24, nao wamekuwa 16,777,216. Isitoshe, maagizo ya kutengeneza mkasi mara nyingi huandikwa kwenye kipande cha pekee cha DNA kiitwacho plasmidi, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala, hata kama si wa ukoo mmoja. Ni kama mwanafunzi anayepitisha karatasi ya majibu kwenye chumba cha mtihani.

MLINZI

Wanasayansi walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuibadilisha dawa ili isiingie vizuri kwenye mkasi. Njia hii ilitumika na bado hutumika, lakini kila dawa mpya hatimaye hupata mkasi mpya.

Njia ya pili ni kuuacha mkundi wa dawa jinsi ulivyo, kisha kuushughulikia mkasi wenyewe. Tafuta molekuli ambayo mkasi utaipenda, utaishika, kisha ushindwe kuiachilia. Kwa maneno mengine, ufanye mkasi ukwame kama fundi. Molekuli ya namna hii huitwa kizuizi cha kimeng'enya. Mimi naiita mlinzi, kwa sababu inatangulia mbele ya dawa na kujitoa mhanga.

Mlinzi wa kwanza kufika hospitalini alitoka mchangani. Katikati ya miaka ya 1970, wanasayansi wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza walikuwa wakichunguza bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus. Walipata kwamba anatengeneza kitu kinachozuia mkasi. Kitu hicho ndicho asidi ya klavulaniki. Ina pete ya pembe nne kama penisilini, kwa hiyo mkasi unaikaribisha bila wasiwasi. Pete inapofunguka, molekuli nzima inaanza kujipinda na kujivunja ndani ya kishimo, na vipande vyake vinaufunga mkasi kabisa. Si kila molekuli hufaulu. Mkasi wa TEM-1 humaliza zaidi ya molekuli mia moja za mlinzi kabla haujafa. Lakini unakufa. Na ukishakufa, amoksisilini inapita salama hadi kwa fundi.

Mwaka 1981 dawa hizi mbili zikaanza kuuzwa pamoja Uingereza kwa jina la Augmentin. Leo viwanda vingi hutengeneza mchanganyiko huo kwa majina mbalimbali, nao umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, siri ya 625 ni hii: 500 ni mshale, 125 ni mlinzi.

JINSI MLINZI ANAVYOCHONGWA

Mlinzi wa kwanza aliokotwa. Wale wa baadaye wamechongwa. Nasema wamechongwa kwa sababu kazi hii inanikumbusha wachonga vinyago wa Wamunyu, hapa hapa kaunti yetu. Mchongaji hodari haanzi kwa kupiga tezo ovyo. Huligeuza gogo kwanza, akaangalia mishipa yake, akajua sikio la tembo litatoka wapi. Mchonga dawa naye ana mambo ya kuangalia, nami nimeyapanga matano.

Kwanza, aujue umbo mkasi wenyewe. Vimeng'enya hugandishwa hadi viwe fuwele, kisha hupigwa miale ya eksirei, na kutokana na jinsi miale inavyotawanyika watu huhesabu kila atomu imekaa wapi. Kishimo kikishaonekana, kinaweza kupimwa.

Pili, molekuli iingie kishimoni na kukaa. Hapa kuna mitindo tofauti. Asidi ya klavulaniki hufa pamoja na mkasi. Avibaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 pamoja na dawa iitwayo seftazidimu, haina pete ya beta-laktamu hata kidogo. Inapoachiliwa hutoka ikiwa nzima na inaweza kwenda kuubana mkasi mwingine. Vaborbaktamu, ya mwaka 2017, hutumia atomu ya boroni. Boroni hiyo inaposhikwa na serini huchukua umbo linalofanana na lile la dawa wakati ule ule wa kukatwa, nao mkasi hulikumbatia umbo hilo kuliko lolote lingine.

Tatu, iweze kufika. Bakteria wengine, kama E. coli, wana utando mwingine nje ya ukuta, na mkasi hukaa katikati kama askari aliye ukumbini. Mlinzi lazima awe mdogo kiasi cha kupenya kwenye vijitundu vya utando huo.

Nne, isimdhuru mgonjwa. Mwili wetu una vimeng'enya maelfu vinavyofanya kazi za halali. Mlinzi akivishika navyo, tumetoka kwenye moto tukaangukia makaa.

Tano, itembee mwendo mmoja na dawa. Amoksisilini na asidi ya klavulaniki zote hupungua kwa nusu katika damu kwa muda wa karibu saa moja. Mlinzi angetoka mapema, dawa ingebaki peke yake njiani. Ndiyo sababu vipimo hivi si vya kuchezea. Kuna tembe ya 375, ambayo ni 250 na 125. Mtu akisema, "Sina 625, acha nimeze mbili za 375," hajapata kitu kile kile. Amepata 500 za dawa sawa, lakini 250 za mlinzi, na mlinzi akizidi huendesha tumbo. Hesabu hizo mwachie mwenye taaluma.

HAPA KWETU KENYA

Huenda mwenzangu unasema, "Haya ni mambo ya Ulaya, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Chukua homa ya matumbo, ambayo sisi sote tunaiita taifodi. Eneo letu lina shida ya maji, na penye shida ya maji taifodi haikosi njia. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Samuel Kariuki wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kenya, walichapisha uchunguzi wao kuhusu bakteria wa taifodi waliokusanywa nchini kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba ukoo mmoja sugu, unaoitwa H58 na ambao umeenea pia Asia, ndio uliotamalaki Kenya. Usugu wa ukoo huo huchukuliwa katika plasmidi moja kubwa: ndani yake mna ule mkasi wa TEM-1, pamoja na silaha dhidi ya kloramfenikoli na dawa nyingine za zamani. Bakteria mmoja, dawa kadhaa zimeshindwa kwa mpigo. Ndiyo maana madaktari walilazimika kuhamia dawa nyingine kwa taifodi. Bado hazijaisha, lakini hazina mwisho usiofikika.

Mwaka 2011 ikachapishwa habari nyingine: bakteria wa Klebsiella pneumoniae wenye mkasi uitwao NDM-1 walikuwa wamepatikana Nairobi. Mkasi huu ulielezwa mara ya kwanza kutoka kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa ametibiwa India mwaka 2007 na 2008, na ubaya wake ni kwamba hautumii serini. Hutumia zinki. Atomu za zinki huishika molekuli ya maji na kuirusha moja kwa moja kwenye pete ya dawa. Asidi ya klavulaniki ikifika hapo haina cha kushika. Avibaktamu vilevile. Mlinzi aliyefunzwa kumkamata mwizi wa mlangoni hana habari na anayeingilia paa.

Je, tumekwisha? Hapana. Ipo dawa ya zamani iitwayo aztreonamu, ambayo NDM-1 haiwezi kuikata vizuri. Shida yake ni kwamba mikasi ya serini huikata, na bakteria mwenye NDM-1 mara nyingi hubeba mikasi ya serini pia. Basi wanasayansi wakaichukua avibaktamu iizuie mikasi ya serini, na aztreonamu ikapita mbele ya NDM-1 ikicheka. Mchanganyiko huo uliidhinishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025. Wengine wanashughulikia zinki yenyewe: mwaka 2014 watafiti wa Kanada walieleza molekuli ya ukungu wa udongoni inayoinyang'anya NDM-1 zinki yake. Tena udongo! Nami hujiuliza ni walinzi wangapi wamelala katika udongo mwekundu wa milima ya Iveti, wakimngoja mtoto wa hapa aje na darubini yake.

SHILINGI NA VIDONGE VINNE

Wako wanaosema kwamba usugu unaletwa na ujinga wa watu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Jirani yetu mmoja, mama auzaye mboga sokoni, alishikwa na kikohozi muhula uliopita. Alienda dukani akanunua vidonge vinne vya antibiotiki, kwa sababu pesa alizokuwa nazo zilitosha vinne. Nilipomwamkua nikamwambia, "Mama, mwalimu wetu anasema dozi ya namna hiyo haitoshi," alinitazama akatabasamu.

"Mwanangu, najua haitoshi. Nikinunua zote, watoto watakula sanduku?"

Nilinyamaza. Huyo si mjinga. Huyo amepiga hesabu yake, na hesabu ya njaa haingoji. Lakini sayansi ina upande wa pili wa hesabu ile ile. Kikohozi kingi huletwa na virusi, na virusi hawana ukuta. Hakuna fundi wa kunasa. Vidonge vinne au arobaini, ni mamoja. Vinachofanya ni kuwaua bakteria wanyonge walioko tumboni na kuwaachia uwanja wale wenye mikasi. Mama alipopelekwa zahanati na binti yake, aliambiwa ni mafua tu, apumzike na anywe vitu vya moto. Hakupewa antibiotiki yoyote. Kwa hiyo dawa iliyomfaa zaidi ilikuwa ile ambayo hakuihitaji kununua. Naona jambo hili ndilo la kuwaambia wazazi wetu, badala ya kuwagombeza: nenda upimwe kwanza, pengine utarudi na shilingi zako.

Fleming mwenyewe alilionya hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alisema huenda ikaja siku ambapo mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani, ajipe dozi ndogo, na kuwafundisha vijidudu kuwa sugu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.27 walifariki duniani mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi.

Serikali yetu ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Aidha, Julai 2025 ilianza chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Sisi wa Kidato cha Tatu tulikuwa tumeshapita umri, lakini wadogo zetu walidungwa. Mtoto asiyeugua hahitaji mshale wala mlinzi. Kinga ni bora kuliko tiba.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, dawa ya zamani haifi kwa uzee. Inashindwa kwa sababu bakteria wamepata mkasi, na mkasi unaweza kukwamishwa kwa molekuli iliyochongwa vyema. Hiyo ndiyo habari njema. Habari ya pili ni kwamba kila mlinzi anaujua mkasi wa aina fulani tu, na kumchonga mlinzi mpya huchukua miaka mingi, ilhali bakteria huhitaji dakika 20. Mbio hizo hatuwezi kushinda kwa kuchonga peke yake. Lazima pia tupunguze nafasi tunazowapa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika vita hivi, adui ndiye fundi wa ukuta.

Wako wanaodai Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Nawaachia wao waamue kama wamefika hadi hapa wakiwa wameelewa. Kiswahili kitukuzwe!

MSAMIATI

Beta-laktamasi: kimeng'enya cha bakteria kinachokata pete ya penisilini na ndugu zake.
Kizuizi cha kimeng'enya: molekuli inayokizuia kimeng'enya kufanya kazi yake.
Plasmidi: kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria anaweza kumpa mwenzake.
Usugu: hali ya bakteria kutouawa na dawa iliyokuwa ikiwaua.

ZOEZI

1. Fundi na mkasi wote huishika penisilini kwa serini. Eleza kwa nini mmoja hukwama na mwingine hakwami.
2. Tembe nyingine huandikwa gramu 1, yaani miligramu 1,000. Ikiwa mlinzi ni 125 vilevile, dawa yenyewe ni miligramu ngapi?
3. Kwa nini asidi ya klavulaniki haiwezi kuizuia NDM-1?
4. Jadilini katika chama: "Anayenunua vidonge vinne hana hatia." Toeni hoja za pande zote mbili.